Rozela ya Kuongeza Damu

Nina mdomo mimi, sikatai. Majirani wa Ipagala wote wanajua. Kwa hiyo binti yangu wa miaka kumi alipoanza kukataa uji, siku chache baada ya kurudi kutoka hospitali alikowekewa dripu ya dawa za saratani, nilimsema sana. Nikamwambia akadeke kwa watu wengine, mimi nataka bakuli liwe tupu.

Hofu yangu ilikuwa damu. Daktari alishatuonya kwamba damu ikishuka, au mtoto akipata maambukizi, dripu inayofuata itaahirishwa, na ugonjwa ule haumsubiri mtu. Basi nikashika ushauri tunaopeana akina mama wote: rozela. Kila asubuhi nachemsha yale maua makavu, nachuja, nampa kikombe kizima bila sukari, kisha nasimama pale pale hadi amalize. Uji alikataa. Rozela alikunywa, machozi yanamtoka. Nikasema ni uchachu tu, dawa ndivyo zilivyo.

Siku ya kliniki nesi alimwambia afungue kinywa. Mimi sikuwa nimewahi kumwambia hivyo. Joto nilipima, macho niliangalia, kinywa hapana. Jamani! Ulimi na mashavu kwa ndani vilikuwa vimechubuka, vidonda vyeupe mpaka kooni, fizi zinavuja damu. Nesi akaniuliza mtoto anatumia nini nyumbani. Nilipotaja rozela akanieleza taratibu kwamba dawa zile huchubua kinywa, na kitu kichachu juu ya vidonda ni sawa na kumkamulia ndimu. Asukutue kwa maji ya chumvi kidogo, atumie mswaki laini, uji uwe wa uvuguvugu. Dripu ikaahirishwa hadi vidonda vipone. Nilichokuwa nakikimbia ndicho kilichotukuta.

Nje, kwenye benchi, nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anaumia. Alijibu kwa shida, midomo haifunguki vizuri.

"Mama, ulisema inaongeza damu. Na ulikuwa unaamka mapema kunichemshia."

Nililia mbele za watu, wala sikuona aibu. Miaka yote nimemlea asikie la mkubwa, asibishe, na nimejisifu kwa hilo hadi kanisani. Sasa namfundisha kunikatalia. Kila asubuhi, kabla sijampa chochote, namwambia: mwanangu, kikiuma kataa, sitakasirika.

Ananiitikia, "Ndiyo, mama," halafu anapokea kikombe cha uji vilevile alivyokuwa anapokea cha rozela.