Dobi na Habari za Uwanja

Dobi wa mtaa wa nyuma ya uwanja wa mpira haloweshi hata soksi kabla ya kusoma barua pepe. Shemeji yake, mdogo wa mumewe na fundi kompyuta, ndiye aliyemuunganishia milisho ya habari: idara ya maji ikiweka tangazo kwenye tovuti yake, linaingia lenyewe kwenye programu ya barua pepe, pale pale zinapoingia oda za wateja. Tangu hapo maji hayakuwahi kumkatikia nguo zikiwa na sabuni.

Ila shemeji, bila kuombwa, aliunganisha pia mlisho wa habari za mpira. "Nikija hapa nisome nini?" alijitetea. Habari zikamiminika mpaka oda zikafunikwa. Dobi aliona kuufuta kabisa ni kumkosea shemeji, kwa hiyo akaweka kichujio kimyakimya: kila kichwa cha habari chenye neno "uwanja" kiende moja kwa moja kwenye takataka. Sanduku likatulia, naye akajiona bingwa.

Ijumaa hakuona tangazo lolote, akalowesha gauni la harusi. Bibi harusi angekuja kulichukua jioni. Povu lilipokolea akafungua bomba, likakohoa, likanyamaza.

Alirudi kwenye kompyuta, akapekua takataka. Lile pale, katikati ya magoli: maji kukatwa leo, maeneo ya nyuma ya uwanja.

Akampigia shemeji. "Shem, maji yamekatika na gauni la watu liko kwenye povu."

"Tangazo hukuliona?"

"Nililitupa. Pamoja na mpira wako."

"Kumbe. Na mimi nilidhani timu hazichezi."

"Utanuna baadaye. Nitafutie maji."

"Mtunza uwanja ana tangi. Ananijua kuliko mke wangu."

Madumu yakaja kwa pikipiki. Dobi alisuuza mpaka maji yakatoka meupe, akalianika gauni mbele ya feni. Jioni bibi harusi aliligeuza huku na huku, akalinusa. "Huwezi kujua kama dada yangu alishalivaa," akasema, akaondoka nalo.

Dobi akakaa kufuta kichujio, shemeji amemsimamia begani.

"Kwa hiyo mpira unarudi?"

"Unarudi, kwenye folda yake. Na ukiusomea hapa, unasoma huku unapiga pasi."

Shemeji akavuta kiti, akachukua shati la kwanza.