Nilivyojifanya mtaalamu wa BIM hapa Sumbawanga, kumbe kazi yote anafanya dada wa Morogoro

Wakuu, habari za mchana.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe. Na kwa kuwa aliyeaibika ni mimi, sina sababu ya kuongeza chumvi. Ningetaka kudanganya ningejipendelea.

Najua mkisikia Sumbawanga wengine mshaanza kuangalia juu kama kuna radi. Tulieni. Humu hakuna uchawi, ni ujinga wangu tu, na huo nimeutengeneza kwa mikono yangu.

Mimi ni fundi ujenzi. Naitwa Fide. Nimejenga nyumba nyingi hapa mjini, nimejenga na madarasa huko Kaengesa, na vyoo vyangu vyote vimesimama mpaka leo. Ila ghorofa sikuwahi kupewa niwe mkuu wa kazi. Kwenye ghorofa nilikuwa yule anayeambiwa "wewe shika hapo".

Sasa kuna mama mmoja, tumuite Mama Maduhu. Ananunua mahindi na ulezi, anapeleka mpakani Kasesya, Wazambia wanachukua. Ana kiwanja kizuri hapa hapa mjini, mtaa wa Malangali, kinatazama barabara. Akataka jengo la biashara: chini fremu sita za maduka, juu mgahawa.

Nilimjengea ukuta wa nyumbani kwake, akanipenda. Akaniambia, "Fide, hili jengo nataka ulisimamie wewe."

Wakuu, usiku ule sikulala. Nilishajiona na kofia nyeupe ya wasimamizi, nanyoosha kidole tu.

Tatizo lilikuwa moja. Jengo lilikuwa linategemea ng'ombe, na ng'ombe ni wa mume wake, Mzee Maduhu. Familia yao walikuja na mifugo kutoka kanda ya ziwa zamani. Mzee anakaa na ng'ombe huko bondeni, mjini anakuja mara moja moja. Ili jengo lianze ilibidi auze kundi karibu nusu, na hauzi mpaka akae na mdogo wake, waone, waridhike.

Halafu akatokea mkandarasi mmoja kutoka Mbeya. Huyu bwana alikuja na laptop, akamwonyesha Mama Maduhu jengo linazunguka kwenye kioo kama kuku kwenye jiko la umeme. Akamwambia hiyo inaitwa BIM.

Kwa wasiojua, kama mimi siku ile: BIM siyo ramani ya karatasi. Ni jengo zima linajengwa kwanza ndani ya kompyuta. Ukuta, nondo, bomba, waya, vyote. Ukigusa ukuta unakuambia una matofali mangapi. Bomba likigongana na nguzo, linakupigia kelele kabla hujachimba hata msingi.

Mama akaniita. "Fide, na wewe hiyo unayo?"

Nikajibu bila kupepesa, "Ninayo mama, ipo nyumbani."

Nyumbani nilikuwa na laptop ya kuwekea watu nyimbo kwenye flashi. Herufi M imeng'oka.

Nikaingia mtandaoni kuuliza. Nikagundua kumbe hata makampuni makubwa hayachori yenyewe, wanatoa kazi nje, kwa watu wanaokaa hata nchi nyingine, wanatumiwa vipimo, wanarudisha jengo. Nikasema kumbe ni halali! Shida siyo kutoa kazi nje, wakuu. Shida ni kumwambia mteja umefanya wewe.

Nikampata dada mmoja yuko Morogoro, Rehema. Anafanyia kazi nyumbani, ana mtoto mchanga. Tukakubaliana bei, nikamlipa nusu. Kila voisi yake ya wasap ilikuwa na mtoto analia kwa nyuma.

Akaniambia anatengeneza model, yaani hilo jengo la ndani ya kompyuta, injinia mwenye muhuri ataipitia baadaye. Akanitumia maswali kama ya hospitali. Kiwanja kina urefu gani? Kinashuka upande gani? Tofali zenu za kuchoma zina inchi ngapi? Nani yuko pembeni? Nikampimia vyote kwa futi kamba, nikampigia na picha. Upande mmoja kuna mashine ya kusaga ya Kapele, bati la bluu. Upande wa pili shamba.

Akataka nimtumie lokesheni ya kiwanja. Nikaituma. Ila siku hiyo nilikuwa juu ya paa huko Kaengesa, nikasahau kwamba lokesheni inatuma pale ulipo wewe, siyo pale unapopafikiria.

Akaniuliza, "Kaka Fide, mbona hapa naona shamba la mahindi?"

Nikamjibu, "Ndiyo, bado hatujajenga."

Akaridhika, masikini. Swali la mwisho likawa: "Nichoree mshale wa kaskazini."

Hapo ndipo nilipouza mechi.

Shule niliishia form two, mwezi wa tano. Jiografia tulikuwa tumefika kwenye aina za mawingu. Dira niliiona mara moja, mwalimu aliishika yeye.

Mngeweza kuniambia si uulize mtu? Nimuulize nani, na mimi ndiye mtaalamu? Ramani ya kiwanja ya halmashauri, yenye mshale huo, ilikuwa kwenye sanduku la mzee huko bondeni. Nikakaa kiwanjani nikafikiri mwenyewe, na nilipofikiri nikaona nina akili sana.

Nilifikiri hivi. Kaskazini ni Ulaya. Ulaya kuna barafu. Kwa hiyo baridi inatoka kaskazini. Na kila aliyeishi huku Ufipa anajua upepo wetu wa mwezi wa saba, ule unaokata masikio. Pale kiwanjani unatokea barabarani. Basi kaskazini ni barabarani.

Nikachora mshale kwenye karatasi ya vipimo kwa kujiamini kabisa, nikaipiga picha, nikatuma.

Rehema akauliza, "Una uhakika kaka?"

Nikamjibu, "Dada, mimi nimezaliwa hapa."

Baada ya wiki mbili akanitumia video. Bando lilikuwa linaishia, nikaangalia dakika ya kwanza tu. Wakuu, jengo lilikuwa zuri mpaka nikataka kulisalimia. Mbele juu kuna mgahawa wa wazi, meza, viti, watu wanakunywa chai. Pembeni mashine ya Kapele na bati lake la bluu. Nikaweka kwenye flashi, nikampigia mama. "Tayari."

Jumamosi tukakutana sebuleni kwake. Mzee Maduhu kakaa na fimbo yake katikati ya magoti. Pembeni mdogo wake, Baba Masanja, mtu wa maneno. Nikaamkia wote shikamoo, nikachomeka flashi kwenye TV.

Jengo likatokea. Sebule nzima ikasema "Eeeh!"

Baba Masanja akauliza, "Hili ndilo letu?"

Mama akasema, "Ndilo. Fide ndiye kalichora."

Nikajibu kwa unyenyekevu wa uongo, "Nimelisumbukia kidogo."

Video ikaingia ndani ya jengo. Ghafla sauti ikatoka kwenye TV: "Kaka Fide, hapa tuko juu. Lile bomba la choo nililokuambia linagonga nguzo, nimeshalihamisha."

Baba Masanja akachungulia nyuma ya TV.

Mama Maduhu akanigeukia taratibu. "Fide. Huyo mwanamke anayeongea ndani ya jengo langu ni nani?"

"Ni... sauti ya kompyuta mama. Zinakuja nayo."

Kabla sijameza mate, mtoto akalia kwenye TV. Na ile sauti: "Nyamaza mama, nyamaza nikunyonyeshe, namalizia kazi ya watu."

Baba Masanja akasema, "Fundi, kompyuta yako inanyonyesha?"

Nikatamani nipite chini ya zulia.

Ila hiyo ilikuwa bado ndogo. Video ikafika sehemu ya jua. Rehema alikuwa ameweka jua litembee kuanzia asubuhi mpaka jioni, tuone kivuli kinavyoangukia madukani. Sauti ikasema, "Hapa ni saa kumi na mbili asubuhi."

Mzee Maduhu akanyanyua fimbo.

"Simamisha."

Nikasimamisha.

"Lile bati la bluu ni mashine ya Kapele?"

"Ndiyo mzee."

"Na jua limetokea mashineni."

"Ndiyo mzee."

"Wewe umewahi kuliona jua linatokea mashineni?"

Hapo nikaangalia lile jua. Wakuu, nimepita pale jioni mara ngapi sijui, nimeziba macho kwa mkono kwa sababu jua linazama kwenye lile bati na linawaka kama moto. Jua nalijua! Ila sikuwahi kulikutanisha na ule mshale.

Nikajitetea, "Labda hapo ni jioni mzee, dada kachanganya."

Akanitazama. "Kwa hiyo wapangaji wanafungua duka jioni, wanafunga asubuhi?"

Baba Masanja akapiga kofi paja lake. "Bhebhe, wewe! Hii Sumbawanga ya wapi?"

Mzee akasimama. "Ng'ombe wangu hawaendi kwenye jengo ambalo halijui asubuhi."

Nikamwangalia Mama Maduhu, nikaona uso wake umeanguka. Yule mama alikuwa amembembeleza mume wake kwa miaka kuhusu lile jengo. Na mimi nimeliua kwa mshale mmoja wa kalamu ya bluu. Hapo utani ukanitoka, wakuu. Nikaona aibu ya kweli.

Nikasema, "Mzee, naomba ukae. Sijachora mimi. Mimi hiyo BIM hata kuiwasha sijui. Kachora dada wa Morogoro, na yeye hana kosa. Kosa ni langu."

Mama akanijibu, "Mpigie. Weka sauti kubwa."

Rehema akapokea kwa furaha. "Haloo kaka Fide! Vipi, wamelipenda?"

Mzee akasogeza mdomo kwenye simu. "Binti, unaongea na Maduhu, mwenye ng'ombe."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani alikuambia jua letu linatokea mashineni?"

"Mzee, mimi sijawahi kufika huko. Kaka Fide ndiye alinichorea mshale wa kaskazini."

Wote wakanigeukia. Ikabidi nieleze yale mambo ya Ulaya na barafu. Nilieleza mwanzo mpaka mwisho, nimesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi.

Mama Maduhu alijaribu kujizuia. Akashindwa. Alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. Baba Masanja akatoka nje kabisa, tukawa tunamsikia anachekea ukutani.

Waliobaki hawacheki ni wawili: mzee, na Rehema huko Morogoro.

Rehema akauliza, "Subirini. Huo upepo wa baridi unatokea wapi?"

Mzee akajibu, "Barabarani. Kusini huko."

"Basi mgahawa wa wazi hauwezi kukaa mbele, mzee. Mimi niliuweka mbele kwa sababu kwa mshale niliopewa, upepo ulikuwa unapiga nyuma. Mngejenga hivi, chai ingepoa kabla haijafika mezani. Mngeishia kuziba mbele yote kwa matofali."

Mzee akakaa.

"Na hilo linarekebishika?"

"Kwenye kompyuta, siku mbili tatu. Kwenye zege, hapana."

Akaanza kumuuliza mzee maswali. Upepo unaanza mwezi gani? Mvua zikija kubwa maji yanapita wapi? Vumbi? Mzee akajibu yote. Kiwanja kile alikitumia kupumzishia ng'ombe zamani kabla mji haujafika, anakijua mpaka mahali maji yanaposimama. Mwanzo alikuwa anaisogelea simu. Mwisho akaichukua kabisa mkononi, akawa anatembea nayo sebuleni, fimbo kwapani. Mimi nikabaki nimeshika waya wa TV ambao haukuhitaji kushikwa.

Siku ya tatu video mpya ikaja. Hii niliiangalia yote, mara mbili. Jua likatokea shambani, likazama mashineni. Mgahawa umehamia nyuma, mbele juu kuna vioo. Mtaro wa maji umepita pale pale mzee aliposema.

Mzee aliangalia mpaka mwisho, akasema, "Ng'ombe nitauza."

Mama Maduhu akashika kichwa kwa furaha. Nikaanza kushukuru, mzee akaninyooshea fimbo.

"Lakini kazi apewe yule anayeongea ndani ya jengo. Yeye ndiye atafute wa kujenga."

Wakuu, niliondoka pale nimekwisha. Nilimtafuta fundi mwenzangu nimpe habari, nikashindwa nianzie wapi.

Wiki iliyofuata simu ikaita. Rehema.

"Kaka Fide, nimepata kazi huko Sumbawanga. Natafuta mtu wa site, awe anapima, anapiga picha, anajenga kama model inavyosema. Na akiwa hajui kitu aseme hajui. Unamfahamu mtu?"

Nikamwambia, "Dada, mimi sijui kaskazini."

Akacheka. "Basi wewe unafaa. Jumatatu uanze."

Kwa hiyo mtu niliyempa kazi kwa siri ndiye amenipa mimi kazi hadharani. Msingi tumeshamwaga. Kofia nyeupe ninayo, ila kidole sinyooshi, napiga picha kila asubuhi natuma Morogoro. Mzee anapita kukagua, ananiuliza mbele ya vibarua, "Fundi, leo jua limetokea wapi?" Naonyesha. Anasema, "Haya, endelea."

Nilichojifunza: kutoa kazi nje siyo aibu, mtu wa mbali anaweza kukujengea jengo zima bila kukanyaga kiwanja. Ila yeye anaona kwa macho yako. Ukimdanganya, au ukijidanganya, atachora uongo wako vizuri sana, na rangi juu. Na ukimtumia mtu, mtaje. Ningemtaja Rehema mwanzoni, mzee angeongea naye siku ya kwanza.

Mafundi, wachora ramani, na nyie mnaofanya hizi kazi za BIM mkiwa nyumbani na watoto, karibuni mtoe yenu. Mteja wako alishawahi kukutumia nini?

Na wa kucheka mcheke, ruksa. Ila kila anayekuja kunicheka, kwanza anyooshe kidole kaskazini hapo alipokaa, bila kugusa simu, halafu ndiyo aandike.