Sheria ya Matundu

Vita vilipofunga barabara ya Rutshuru, makaa yakaadimika, na mama akaamua kwamba nyumba yetu ya mbao haitapoteza joto tena. Aliziba kila ufa kwa udongo na vipande vya turubai. Mdogo wake alikuwa amekimbia kutoka Kibumba na kichanga mgongoni, na wote wawili walilala chini, karibu na mbabula, lile jiko letu la makaa.

Udongo haujakauka, chefu wa avenyu, kiongozi wa njia yetu hapo kartie, yaani mtaani, akabisha hodi. Nilimchukia mtu yule. Sheria zake hazikuwa na mwisho.

“Mama, nyumba yenye munatengeneza upya, lazima muache matundu, chini na juu. Ni sheria ya kartie. Muko na mbabula ndani. Mazuku yake itawamaliza.”

Mama akacheka. Kwetu mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini na kujilaza mabondeni karibu na ziwa, ikaua mbuzi na watu.

“Papa, mazuku iko kule chini. Siye tuko juu ya mawe. Baridi ndiyo itaniulia huyu mutoto. Uko na blanketi ya kutupatia?”

Hakuwa nayo. “Nitarudi kesho na nyundo,” alisema. “Kama hamujatoboa, nitatoboa mwenyewe.”

Jioni milio ya bunduki ilisikika upande wa Kibati. Tukasukuma kabati mlangoni kwa hofu ya askari, na mama akaacha mbabula ikiwaka kwa ajili ya mtoto.

Asubuhi kichwa kilinigonga vibaya. Kutoka chumba cha pili nilimsikia mama akimwita mdogo wake, akimwita tena. Nilimkuta mama amepiga magoti, kichanga kimelegea mikononi mwake. Alijaribu kusukuma kabati, miguu ikamkatalia. Nilisukuma naye, kabati halikusogea.

Ndipo tukasikia hodi ileile ya jana.

“Toboa, Papa,” mama alisema, mdomo ukiwa kwenye ubao. “Toboa mbio.”

Ubao wa chini uling'oka, kisha wa pili. Mama akamsogeza mtoto mpaka kwenye lile tundu. Tulisubiri. Mama mdogo alianza kukohoa, lakini mtoto alikawia sana kabla hajalia.

Matundu yale hayakuzibwa tena. Katika vita vyote vilivyofuata tulitetemeka, na aliyelalamika mama alimjibu kwa ukali: “Unasikia baridi? Basi uko muzima.”