Hawakuuliza Nani Atacheza

Mpaka leo nikikaribia lile duka la michezo ya televisheni mtaani Mangobo ninavuka barabara na kupita upande wa pili. Si kwa woga. Hasira bado inanichemka, na sipendi kumchemkia mtu ambaye pengine ameshasahau.

Ilikuwa miaka ya vita. Mto ulikuwa umefungwa, boti za Kinshasa hazikupanda tena, kwa sababu kule chini walitawala wengine na huku kwetu walitawala wengine. Papa alikuwa mwendesha kreni bandarini. Kazi ilipokufa, yeye hakukubali kwamba imekufa. Kila asubuhi alivaa kofia yake, akaenda kuketi kwenye ukuta wa bandari na kuitazama kreni ambayo hakuna aliyeiwasha.

Hilo lisingekuwa neno, kama si askari. Walipokuwa na mizigo ya kupeleka uwanja wa ndege, walikuja bandarini kukamata wanaume waliokaa bila kazi. Mtu alibebeshwa magunia kutwa nzima, na akichoka alipigwa kitako cha bunduki. Papa alikuwa amekamatwa mara mbili. Mara ya pili alirudi hawezi kuinua mkono hadi mdomoni. Mama alimlisha pondu, mboga ya majani ya muhogo, kwa kijiko, nasi watoto tukatazama pembeni.

Tulimsihi abaki nyumbani.

"Nibaki nifanye nini?" alijibu. "Nihesabu mabati?"

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliiacha darasa la sita, nikawa naendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Si mtu wa maneno, na baadhi ya abiria walidhani mimi ni bubu. Siku moja mvua ilitukuta Kabondo, abiria wangu akaniambia nijikinge nyumbani kwake. Watoto wake walikuwa wanacheza mchezo kwenye televisheni, wakanipa zamu. Vipande vya maumbo mbalimbali vinashuka kutoka juu, nawe unavigeuza na kuvipanga chini bila kuacha pengo. Sikuwa mchezaji, na hata sasa nacheza kwa nadra, dakika chache, basi. Lakini nilipoona vile vipande nilimwona Papa. Mara ngapi alitupangia viberiti mezani kutuonyesha jinsi boti inavyopakiwa! Kizito chini, kirefu ukingoni, na shimo hata moja hapana.

Nikaanza kuweka akiba. Nilijua ninachotaka: ile mashine ndogo ya kaseti, kama ya wale watoto. Unachomeka kaseti, unabonyeza, unacheza. Umeme ukikatika na kurudi, unabonyeza tena. Mtu asiyecheza sana hahitaji zaidi ya hapo. Televisheni tulikuwa nayo, ndogo, ya enzi za mshahara.

Njiani kwenda dukani nilirudia maneno matatu: nataka ile ndogo. Nilipofika nikayasema.

"Ile ndogo?" Mwenye duka alicheka, akawageukia vijana waliojaa pale wakilipia zamu za kucheza. "Petit, ile iko ya batoto badogo ya gardienne! Kijana mukubwa kama weye? Batakucheka. Angalia hii ya diski."

"Iko ya..." nilianza. Ya Papa, nilitaka kusema. Lakini mbele ya macho yale yote, ulimi haukuweza kutamka kwamba mzee mwenye mvi ndiye atakayecheza.

"Bon, essai kwanza," alisema mwenye duka. Ndiyo ilikuwa desturi yake: kila mnunuzi alipaswa kucheza mpira dhidi ya bingwa wa duka, kwenye mashine kubwa, watu wote wakitazama. Bingwa alikuwa kijana wa umri wangu. Alinitupia maneti, kile kidude cha kushika mikononi.

"Kamata, toleka. Lakini hapa hakuna pedali!"

Nilifungwa sijui mara ngapi. Bao moja nilijifunga mwenyewe, na duka zima likapiga mayowe.

"Kaka, goli ya kwenu iko wapi?" bingwa aliniuliza. "Tukuonyeshe kwa kidole?"

"Mumuache," mwenye duka alisema kwa sauti ya huruma ambayo naichukia kuliko vicheko vyote. "Anakosa tu mazoezi. Beba hii kubwa, petit. Mwezi moja, utamupiga huyu."

Nikailipia ile kubwa. Hakunishika mkono, hakunitisha. Alinifanya nione aibu kutaka nilichokitaka, basi. Nilipokuwa mlangoni akaniambia, kama mtu anayekumbuka jambo dogo: "Kama haisome diski, igeuze kichwa chini. Iko normal."

Nyumbani Papa aliishika maneti kama mtu anayeshika kifaranga.

"Hii ya kushoto inafanya nini?"

"Kutembea, Papa."

"Na hii?"

"Kupiga mpira."

"Na hizi za nyuma?"

Sikujua. Mashine yenyewe ilichukua muda mrefu kuamka, ikaleta maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeisoma kwetu, kisha umeme ukakatika. Ukarudi, tukaanza upya. Ili mchezo uendelee ulipoishia ilitakiwa kadi fulani, na kadi haikuuzwa pamoja na mashine. Hilo pia hakuniambia. Umeme ulipokatika mara ya tatu Papa aliweka maneti chini polepole, asinivunje moyo.

"Asante, mwanangu. Umefanya vizuri," akasema. Kisha akavaa kofia.

Siku hiyo walimkamata mara ya tatu. Wenzake wawili walimleta jioni, shati limegandamana na bega lake kwa damu, na Mama akalilowesha kwa maji ya vuguvugu ili litoke bila kuondoka na ngozi.

Asubuhi niliifunga mashine nyuma ya baiskeli, nikairudisha dukani.

"Kitu ikitoka hairudie," alisema mwenye duka, hata hakuitazama.

Sikuwa na hotuba. Nilimwona bingwa amesimama kunyoosha miguu, nikaketi mahali pake, nikachukua maneti yake na kuikumbatia kifuani. Mwanzoni walicheka. Walipoona sinyanyuki, wakakasirika.

"Bubu, toka! Iko tour yangu ya kucheza!"

"Papa yangu ndiye atacheza," nilisema. Safari hii ulimi haukukataa. "Mulinicheka hapa wote. Hakuna hata moja aliuliza nani atacheza."

"Papa yake!" mmoja akarudia, akacheka peke yake.

Nilikaa. Wale waliokuwa wameshalipia zamu wakaanza kumpigia kelele mwenye duka: "Tonton, mupatie kitu yake, tucheze! Ama turudishie feza!" Ndipo alipotoa mashine ndogo na kaseti ya vipande, akanisukumia. Tofauti ya bei hakurudisha. Kwa hiyo si haki iliyonisaidia siku ile, ni haraka ya wale vijana. Na bado aliongeza: "Weye ndiye ulichagua ile ya kwanza." Hilo ndilo neno linalonichoma hadi leo.

Papa aliijaribu mkono mmoja ukiwa umefungwa kitambaa. Alifinya kidogo, akaelewa. Kabla Mama hajamaliza kufagia ua, alikuwa tayari anagombana na televisheni.

"Nani anapakia hivi? Boti itazama hii! Leta kile kirefu, leta!"

Tulicheka, nami nilicheka pia. Lakini nikilala nilijiuliza ni nchi gani hii ambamo mtoto ananunua mchezo ili baba yake asigeuzwe punda pale pale alipofanyia kazi ya heshima. Hasira yangu haikulala.

Majuma yakapita, bega likapona. Asubuhi moja umeme haukuwepo tangu alfajiri. Papa alingoja, maneti magotini. Kisha akaiweka chini, akaenda kuchukua kofia. Jirani alikuwa amepita muda mfupi kabla, akatuambia malori ya askari yanaelekea bandarini. Papa alikuwa amesikia vizuri kama mimi.

Nilisimama mlangoni.

"Toka, mwanangu."

"Hapana, Papa."

Sikuwahi kumwambia hapana. Uso wake ukabadilika.

"Pale ni pahali yangu ya kazi," alisema. "Bale askari bananikamata na bunduki, na weye unanifunga na mchezo."

"Ndiyo, Papa. Ninakufunga."

Alinitazama jinsi anavyotazamwa mtu aliyekosa adabu. Halafu akarudi kuketi. Umeme ulirudi saa sita, televisheni ikawaka yenyewe. Siku hiyo hakuigusa maneti, wala hakuiweka chini kofia mpaka tulipolala.