Barfi ya Mama Hansa

Harufu ya korosho zikichomwa hunifanya nivuke barabara kuikwepa. Rafiki zangu hunicheka, maana sisi asili yetu Lindi, kwenye mikorosho. Hata utotoni nilichekwa. Babu akituletea kifurushi, nilikula tatu tu, ulimi ukawasha, midomo ikajaa kidogo, na mama akasema, "Anadeka huyu."

Wakati huo tulipanga chumba cha uani, Kariakoo. Ghorofani alikaa Mama Hansa, Mhindi aliyezaliwa mtaa uleule na aliyetushinda sisi kwa Kiswahili. Kwa miaka sukari ilikuwa ya kupanga foleni, na Diwali yake ilipita kimyakimya. Kisha serikali ikaifungua biashara. Maduka yakajaa sukari, maziwa ya unga, redio za kila rangi. Hatukuwa na muda mrefu mjini, na baba aliacha kibarua akatandaza mitumba kando ya barabara. Diwali ile Mama Hansa akatengeneza barfi za kugawia nyumba nzima: vipande vyeupe, laini, vinanukia iliki. Nilikuwa na miaka minane. Nilikula viwili palepale kwenye ngazi.

Vilianza kuwasha viganja. Yakafuata masikio, kisha kope zikavimba hata nikawa namwona mama kwa ufa tu. Sauti ikakwaruza, halafu ikapotea.

"Kalishwa kitu huyu," alisema Bi Tausi, mpangaji wa chumba cha pili. "Alikula wapi?"

Mtoto mmoja akataja barfi. Mama akaninywesha maziwa, yakarudi yote. Baba aliitwa, akasimama mlangoni bado ameshika suruali aliyokuwa akimwonyesha mteja. Mama Hansa akashuka na sahani yake, akala vipande vitatu mbele yetu huku machozi yanamtoka.

"Wanangu wamekula hizihizi! Nimtie sumu mtoto huyu kwa lipi?"

"Tutajuaje ulichompa yeye?" Bi Tausi akamjibu.

Wakabishana. Nilikuwa mapajani mwa mama, nasikia kila neno, navuta pumzi kama inayopita kwenye tundu la sindano. Nilitaka kusema ni kule kuwashwa kwangu kwa siku zote. Mdomo ulifunguka, neno halikutoka.

"Umetia nini ndani?" baba akauliza.

"Maziwa, sukari, iliki, korosho za kusaga."

Nilihisi mikono ya mama ikilegea, kisha ikanibana. "Baba Somoe," akasema, "korosho huwa zinamuwasha."

Baba akaninyakua akakimbia. Barabara ilikuwa imezibwa na meza za wauzaji na mikokoteni, gari lisingepita. Kifua chake kilipanda na kushuka shavuni pangu, nami nikatulia. Baba alikuwa anakimbia, na baba alijua anakokwenda.

Zahanati walinichoma sindano ya paja, wakanilaza hadi jioni. Daktari aliwaambia huo ni mzio. Nisile korosho tena, hata chembe. Chakula cha watu kiulizwe kilichomo kabla sijakionja. Na nikivimba au kukosa pumzi tena, wasianze na maziwa wala mabishano, wanikimbize moja kwa moja.

Bi Tausi hakumwomba Mama Hansa radhi, na wazazi wangu nao sikuwasikia. Diwali iliyofuata majirani walipata barfi. Sisi tulipata machungwa, hayajamenywa. Nilidhani ametununia. Baadaye Mama Hansa na wanawe wakahamia kwingine, na mimi nikiwa mama ndipo nilipoelewa: aliogopa kutugawia kitu chochote kilichopita mikononi mwake.

Miaka mingi baadaye nilimwambia baba jinsi nilivyotulia siku ile. Akatazama chini.

"Sikuijua zahanati ilipo," alisema. "Nilikimbia tu. Mama Hansa alikuwa nyuma yangu, miguu mitupu, anapiga kelele: kulia, kushoto, nyoosha."

Nimejaribu sana kuikumbuka sauti hiyo. Siikumbuki.