Kamera Mbili za Fundi Anselmi

Mkoba wa ngozi ukikaa juani tangu asubuhi mpaka adhuhuri hutoa harufu yake, harufu ya mnyama na dawa ya viatu, na kwangu mie harufu hiyo haijawahi kuwa ya viatu. Ni ya Fundi Anselmi, mpiga picha. Alikuwa mpangaji wetu pale Mtoni, chumba cha mwisho cha uani, karibu na choo. Mtu wa kusini, kutoka huko Newala, Mkristo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Usoni alikuwa na chale alizochanjwa kwao akiwa mdogo, mistari mitatu kila shavu, imepangwa sawasawa kama kazi ya mtu aliyepima. Watoto wageni wakimwona mara ya kwanza walikimbia. Sie wa nyumba ile tulikuwa tumemzoea, na kilichotuzoesha ilikuwa kamera yake.

Kamera ile ilikuwa sanduku lililovikwa ngozi. Mbele ilikuwa na macho mawili ya kioo, moja juu ya jingine, ubavuni mkono mdogo wa kuzungushia filamu, na juu kifuniko kilichofunguka kama dirisha la nyumba ya wanasesere. Mpigaji haangalii mbele, anaangalia ndani, kwa juu. Kwa hiyo Fundi Anselmi akitaka kukupiga picha aliishika kamera tumboni, akakuinamia. Niliona akiwainamia watu wa kila aina: wazee wenye kanzu, maharusi, vitoto vyenye kamasi. Uso wake ulibaki wazi muda wote, chale zake na meno yake, ukamwona anavyotabasamu mle ndani ya sanduku kama mtu anayetazama kisima chenye maji mazuri. Mkono ukizungushwa unalia krr, kidole kikibonyeza unasikia chak, basi. Siku asizokuwa na kazi alituruhusu tuchungulie. Ndani mlikuwa na uchochoro wetu wote, mdogo, wenye rangi, umegeuzwa, hata jirani yetu Bi Tatu akipita kwenda upande wa kulia, mle ndani alikuwa anakwenda kushoto. Tulisukumana kumwona Bi Tatu anapotea njia.

Mwaka ninaousema ni ule vitu vilipoanza kuja. Tulikotoka, kipande cha sabuni kilikuwa na foleni yake. Mara tukaona mitumba imemwagwa juu ya maturubai kando ya Kilwa Road, redio za kaseti, miwani ya jua, ndala za rangi ambazo hatukujua majina yake. Kila kitu cha zamani kikaanza kuonekana cha aibu. Bi Tatu, aliyekuwa akikaanga mihogo mlangoni pake, hakumwacha Fundi apite salama. "We Anselmi, hicho kisanduku cha sukari utatembea nacho mpaka lini? Wenzio wana kamera zinawaka kama radi!"

"Bi Tatu, kisanduku hiki ndicho kilichokupiga ulipokuwa mwembamba."

"Mwongo mkubwa! Mie sikuwahi kuwa mwembamba, hata mama yangu alikuwa akilalamika."

Wakacheka, naye akacheka. Lakini wateja walikuwa kweli wanapungua. Vijana walitaka picha ya kuwakawaka, waonekane wameketi mahali penye umeme. Nilikuwa namwona jioni amekaa kwenye kigoda anaifuta ile kamera kwa kitambaa, anaifuta mahali palepale.

Na msimu huohuo ndipo maneno ya mumiani yaliporudi. Mumiani, kwa mtu asiyejua, ni watu wanaosemwa kuwanyonya wenzao damu kwa vyombo vyao na kwenda kuiuza. Bibi zetu walitutishia nao, na sie tulijua ni vitisho vya kutulaza. Ila mwaka ule waliokuwa wakisema walikuwa watu wazima, bombani, ndoo zimepangwa foleni, tena walisema kwa sauti ya chini. Kwanza ilikuwa Rangi Tatu, Mbagala: mtoto ameokotwa mweupe kama karatasi. Wiki iliyofuata ilikuwa Kizuiani. Kisha Mtongani. Hakuna aliyekuwa amemwona mtoto huyo kwa macho yake, kila aliyesimulia alikuwa ameambiwa na shemeji wa mtu. Lakini habari zilikuwa zinatembea barabara ileile, zinakuja upande wetu, na sie watoto tulizihesabu vituo kama abiria. Wanawake wakaacha kutuma watoto dukani peke yao. Mtu akipita na begi asilojulikana, mazungumzo yalikatika mpaka apite.

Katikati ya hayo Fundi Anselmi akaiuza kamera yake ya sanduku kwa mtu wa Kariakoo, akarudi na mpya. Ilikuwa nyeusi, ya plastiki, nyepesi, haina harufu yoyote. Ile unaipandisha usoni. Nakumbuka aliponionyesha mara ya kwanza. Aliiweka machoni, na Fundi Anselmi akatoweka. Pale palipokuwa na uso niliouzoea pakabaki kitu cheusi, na kando ya kioo chake taa ndogo nyekundu ikawaka, ikakaa inanitazama. Chini yake zikaonekana chale tu. Nilirudi nyuma hatua moja. Aliishusha, akacheka. "Ni mimi, Mwanaidi."

Asubuhi moja mama alikuwa amekwenda sokoni kutafuta unga wa vitumbua. Fundi alitaka kuijaribu kamera yake kabla ya kwenda kazini, akaniambia nisimame ukutani. Nikamwambia angoje. Nilikuwa nimeamka na homa, viungo vinauma, sikumwambia mtu kwa sababu nilikuwa na mawazo yangu. Ndani ya sanduku la bati mama alikuwa amenifichia gauni la Idd, la mtumba, la bluu, lina utepe mgongoni, na alikuwa ameniapia kwamba nikiligusa kabla ya siku yake nitamjua yeye ni nani. Mama yangu hakuwa mtu wa kuapa bure. Nililitoa, nikalivaa, nikaja kusimama ukutani. Taa nyekundu ikawaka. Mwanga ukanipiga machoni, na baada ya mwanga ile kamera ikalia yenyewe, zzzz, kama mdudu anayekunywa. Fundi akaniambia nimependeza, akaenda zake. Nikageuka niingie ndani, ardhi ikapinda, nikaanguka penye tope la maji ya kuoshea vyombo.

Bi Tatu ndiye aliyeniokota. Nilipofumbua macho walikuwa wameshajaa wanawake wanne watano, na jambo la kwanza alilouliza lilikuwa hili: "Na gauni la Idd nani kakuvika leo?"

Nililitazama lile tope kwenye bluu. Nikamwona mama anarudi na unga wake. Nilihitaji jambo kubwa kuliko gauni, na lilikuwa pale tayari, wiki nzima lilikuwa linakaribia. Nikasema, "Kamera ya Fundi imeninyonya. Nimesikia inavyonyonya."

Nina wajukuu sasa, nimewachapa kwa uongo, na kila ninapoinua mkono nawakumbuka wale wanawake walivyonyamaza. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Bi Tatu, aliyekuwa akitaniana na Fundi kila siku ya Mungu, ndiye aliyesema kwa sauti kwamba hata yeye ile taa nyekundu haikuwahi kumkaa vizuri, na kwamba mtu mwenye uso ule alikuwa akijificha nyuma ya kisanduku muda wote. Uso ule! Ulikuwa uleule wa miaka yote.

Mchana, jua likiwa kichwani, Fundi alirudi akakuta uani kumejaa watu. Wengine sikuwajua, wametoka upande wa pili wa barabara. Hawakupiga kelele, na kimya chao ndicho kilichonifanya nishike mlango. Mama, aliyekuwa amekwisha kulivua lile gauni mwilini mwangu, alitoka akasimama kati yao na Fundi.

"Mwanaidi," akaniita mbele ya watu wote. "Ilikunyonya wapi? Nionyeshe."

Nikagusa shingo. Palikuwa na kipele cha mbu. Watu wakainama kukitazama, mmoja akasema hicho hapo, wote wakashusha pumzi. Fundi Anselmi alikuwa ananitazama mimi tu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja, kama mtu anayejua kwamba mtoto sasa hivi atasema ukweli na wote wataenda kula. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno lilikuwa dogo tu: homa. Nilimtazama mama, nikaliona lile gauni limelowekwa kwenye karai nyuma yake, sikulisema.

Mama akajaribu njia yake. "Fundi, nipige mie. Hapahapa. Nikianguka, mfanyeni mnavyotaka."

Akasimama ukutani pale niliposimama mimi, kanga kifuani, kidevu juu. Fundi akakifuta kioo kwa pindo la shati. Akaipandisha kamera, uso ukapotea, taa nyekundu ikawaka, mwanga ukapiga. Mama hakuanguka. Nikaona watu wanaanza kulegea mabega. Lakini picha ile ilikuwa ya mwisho kwenye filamu, na kamera za namna ile filamu ikiisha huirudisha zenyewe. Ikaanza kulia. Haikuwa zzzz fupi ya asubuhi. Ililia ndefu, haikomi, mikononi mwa mtu ambaye hajagusa kitu, inavuta na kuvuta, huku mama akiwa bado amesimama mbele yake.

"Inammaliza!" mtu akapiga ukelele.

Jiwe la kwanza sikuona limetoka wapi. Kamera ilianguka ikafunguka mgongo, na utumbo wake ukamwagika nje, utepe mrefu wa kahawia unaong'aa, ukikunjamana juani. Mtu akaunyanyua kwa fimbo, akasema tazameni, damu iliyokauka. Waliokuwa nyuma wakasukuma. Mjumbe wa nyumba kumi, mzee mkali asiyependa fujo, alifika na wanaume watatu wakamzunguka Fundi wakamtoa kwa mlango wa uchochoroni, damu inamchuruzika juu ya jicho. Ilikuwa yake mwenyewe. Ndiyo damu pekee niliyoiona msimu ule wote.

Hakurudi. Wiki iliyofuata alikuja ndugu yake akachukua godoro na pazia lenye picha ya ndege. Mama alimwekea chai, hakuinywa. Usiku ule wa tukio mama alikuwa ameniwekea mkono kwenye paji la uso, akauacha hapo kwa muda. "Tangu lini?" Nikasema tangu asubuhi. Zahanati walisema malaria. Mama alinipiga kwa mambo mengi katika maisha yake, kwa hili hakunipiga. Gauni la Idd lilitakata, nikalivaa, na mama hakusema limenipendeza.

Nilimwona Fundi Anselmi mara moja tu tena, Mabibo sokoni, mimi nikiwa mama wa mtu, mtoto mgongoni. Alikuwa anauza ndizi. Chale zake zilikuwa palepale, tatu kila shavu, na juu ya nyusi ilikuwapo alama nyingine iliyokaa peke yake, ambayo hakuna mtu aliyeipima. Nikasema, "Shikamoo, Fundi." Akaitika marahaba, akanitazama, akauliza, "Mama hajambo?" Nikajua amenitambua. Alinifungia ndizi zangu, akaongeza mbili, za mtoto. Nilizipokea. Nikamshukuru. Niliyokuwa nimeyabeba kwa miaka yote nikaondoka nayo na zile ndizi, sikumwambia.

Nayaandika haya kwa sababu mjukuu wangu Zuhura amenunua kamera. Aliileta nyumbani Mbagala ndani ya mkoba, na nilipoiona moyo ulishtuka: imevikwa kitu kinachofanana na ngozi, ina chuma cheupe, ina vigurudumu vya kuzungusha. Nikainusa. Inanuka ndala mpya. "Nje tu ndiyo ya zamani, Bibi," akanieleza. "Ndani ni kompyuta." Nikamwuliza kwa nini basi isitengenezwe kama ilivyo. Akasema sura inasaidia kazi. "Ukiwatolea watu simu wanakuuliza unatupeleka wapi. Ukiwatolea hii wanalegea, wanajipanga wenyewe." Nimemwona akifanya. Anazunguka sokoni na mitaani, wazee wanamtengenezea kofia, watoto wanamfuata, na jioni nyuso zao zimeshafika kwa watu wasiowajua, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kunitajia.

Vijana hubishana kama sura ya kitu ina maana. Ina maana, mie siwabishii. Fundi alikuwa mtu yuleyule kwa kamera zote mbili, na ngozi ya ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikimlinda. Ile nyeusi tuliyoipiga mawe haikuwa imechukua kitu cha mtu, hata zile picha ziliungua juani. Hii ya Zuhura inachukua kila siku, na inapendeza mno hata hakuna anayegusa shingo yake.

Juzi alitaka kunipiga. Nimekataa picha tangu siku ile, kitambulisho tu ndicho kilichonishinda. Lakini aliinua kioo cha nyuma ya ile kamera, akaishusha tumboni, akaniinamia. Uso wake wote ulikuwa wazi, anatabasamu mle ndani. Nikakaa kwenye kiti. Akabonyeza, ikalia krr, chak.

"Hiyo sauti ya nini, nawe umesema haina filamu?"

"Ya kuweka tu, Bibi. Watu wanaipenda. Inazimika."

"Izime."

Akaizima. Nikajiweka sawa, nikafunga mtandio, nikangoja. Alikuwa bado ameinama, anagusa vidude vyake, ananichekea. Kukawa kimya, hata kuku wa jirani niliwasikia. Nikamwuliza, "Sasa utapiga lini?"

"Nimeshapiga, Bibi. Kumi na moja."