Sahani ya Shikome

Bundala alipotimiza miaka saba, baba yake Anatoli alimwita akale na wanaume shikome, pale kwenye moto wa uani ambako wanaume wa kaya yao huko Dutwa walikula kila jioni. Felisita, mama yake, alisimama mlangoni mwa jiko akiwa na mwiko mkononi. Alijua mumewe anampa mtoto heshima. Alijua pia kwamba mtoto atalala na njaa.

Bundala alizaliwa na hali ambayo Elizabeth, nesi wa zahanati, aliiita Down. "Misuli ya kinywa imelegea, mama," alimwambia. "Atakula, ila polepole. Mpe vitu laini vyenye nguvu, wala usimharakishe."

Felisita aliyashika maneno hayo. Wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba na watu wakailima mpaka mlangoni, yeye alikataa kung'oa karanga zake. Alizisaga pamoja na mtama na dagaa, akapika uji, akamlisha mtoto kijiko kwa kijiko mpaka kwa neema ya Mungu akasimama na kutembea.

Sasa ilikuwa sahani moja ya ugali na mikono mitano. Bundala alipokuwa bado anahangaika na tonge la kwanza, wenzake walikuwa wananawa.

Baada ya miezi miwili mizani ya zahanati ilionyesha amepungua kilo mbili. Felisita akaanza kumwita jikoni wanaume wakishamaliza. Maduhu, mdogo wake Anatoli, akaona.

"Nenda, dume letu," alisema. "Nenda ukanyonye."

Wanaume wakacheka, na Bundala akacheka nao. Lakini tangu siku hiyo akagoma kuingia jikoni. Alibaki kando ya baba yake, tumbo tupu, uso umejaa furaha.

Felisita alisali rozari siku tisa. Siku ya kumi akamfuata mumewe zizini.

"Baba Bundala, heshima umempa. Mpe na chakula."

"Nikimtengea sahani yake, watasema nimemkataa."

"Sijasema umtenge. Mtazame tu anavyotafuna."

Jioni ile Anatoli alibariki chakula, akamkatia Bundala tonge dogo, akalichovya kwenye mlenda wa karanga. Kisha akaweka mkono wake gotini, akatulia. Mkubwa akiacha kula, nani atatia mkono?

"Kaka, ugali unapoa," Maduhu alisema.

"Acha upoe. Anatafuna."

Wakangoja. Bundala akameza. Anatoli akala tonge moja, akamkatia mwanawe jingine, akaweka tena mkono gotini.

Miaka kumi na tisa kaya ile ilikula ugali wa baridi. Bundala alinenepa, akachunga, akabeba maji, akapokea Komunyo.

Kisha Mungu akamwita Anatoli, kwa homa ya siku nne tu. Kwenye matanga Felisita alisimama tena mlangoni mwa jiko, akitazama wanaume wakizunguka sahani. Mkubwa sasa alikuwa Maduhu. Bundala alikaa palepale pake, akiangalia nafasi iliyokuwa ya baba yake.

Maduhu alikata tonge dogo, akalichovya, akampa. Akaweka mkono gotini. Mgeni mmoja kutoka Malampaka, asiyejua lolote, akanyoosha mkono kwenye sahani.

"Subiri, bwana," Maduhu alisema. "Anatafuna."

Felisita akafanya ishara ya msalaba, akarudi ndani kupakua mboga.